Dakika Arobaini na Tano za Eko

Pikipiki yangu ina kitufe kidogo upande wa kulia wa usukani, chini ya dole gumba, na muuzaji alikisifu kuliko injini yenyewe. Ukikibonyeza, taa ya kijani inawaka kwenye dashibodi na herufi E inatokea. Ukikibonyeza tena, taa inageuka rangi ya chungwa na inakuja P.

"Eko na pawa," muuzaji aliniambia. "Moja inabana mafuta, nyingine inakupa nguvu. Hapo ni kama umenunua pikipiki mbili, mkubwa."

Nikamwambia kama ni mbili basi anipunguzie bei ya ile moja nitakayokuwa sijaikalia, maana siwezi kuzikalia zote kwa wakati mmoja. Alicheka sana. Akaniongezea helmeti na koti la mvua, lakini bei hakuigusa. Nilirudi mara tatu kwa siku mbili, na mara ya tatu alinipa pia kitambaa cha kufutia vumbi. Nikaona hapo tumefika mwisho wa roho yake, nikanunua.

Mimi nauza viatu vya mitumba Chepseon. Mtu anayeuza viatu hujifunza kuhesabu mara mbili: mara ya kwanza viatu, mara ya pili jozi. Ukihesabu mara moja tu utajikuta na mguu wa kushoto usio na mwenzake, na hakuna mteja wa kumuuzia huo. Kwa hiyo ninapokueleza kwamba nilikosea hesabu moja, na nikaishi ndani ya kosa hilo kwa nusu mwaka mzima, ujue sikukosea kwa uvivu. Nilihesabu mara mbili.

Baba yangu anaishi Siongiroi kwa dada yangu mkubwa. Wazazi wetu walivuka kutoka milima ya Gusii wakiwa vijana, wakaja Kericho kutafuta kazi kwenye mashamba makubwa ya chai. Mama alichuma majani. Baba aliendesha trekta la kuyabeba majani hayo kutoka shambani hadi kiwandani, na kazi hiyo aliifanya mpaka nywele zikabadilika rangi. Alipostaafu, mama akiwa ameshatutoka, hakurudi Gusii. Alinunua shamba dogo la mahindi upande wa Chepalungu, huko huko Siongiroi. Alisema amechoka kuangalia kijani kisicholiwa.

Ugonjwa ulimwingia kupitia jioni. Kwanza ilikuwa ni mambo ya saa kumi na mbili, giza likianza: anauliza mama amechelewa wapi, anatafuta funguo za trekta. Halafu ikawa ni saa tisa, halafu baada ya chakula cha mchana. Dada alimpeleka hospitali Longisa, na daktari akamweleza pole pole, kwa heshima, kwamba huu ugonjwa haurudi nyuma. Asubuhi ndizo tutakazobaki nazo, na hizo nazo zitapungua.

Wakati niliponunua pikipiki, baba alikuwa sawa mpaka saa nne hivi. Kabla ya saa nne alikuwa baba mzima, mkali, mwenye maneno, anayekumbuka nani alimkopa jembe na halijarudi. Na aliniita kwa jina langu. Baada ya saa nne alinitazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni wa kanisa, akanikaribisha kiti. Mimi nilikuwa naenda Siongiroi kwa ajili ya lile jina. Hayo mengine, chai, mahindi ya kuchoma, habari za ng'ombe, hata majirani wangenipa.

Sasa hesabu. Jumamosi ni siku ya soko, na ndiyo siku viatu vinapotoka; siwezi kuondoka kabla ya jioni. Jumatatu alfajiri marobota mapya ya viatu yanafunguliwa Kericho mjini, na ukikosa dakika kumi za kwanza unabaki kuchagua walivyoacha wenzako. Basi nabaki na Jumapili, kwenda na kurudi. Chepseon kuna ukungu wa asubuhi ambao kabla ya saa kumi na mbili na nusu huoni hata taa yako mwenyewe. Kwa hiyo naondoka saa kumi na mbili na nusu, si kabla. Nateremka Kericho, napita Litein, nafika Kaplong, kisha naingia njia za ndani mpaka Siongiroi. Kwa mita yangu ni kilomita mia na ishirini na kidogo.

Nilikuwa nimejiwekea lita kumi na sita za mafuta ya baba kwa mwezi. Hizo hazikuguswa kwa kazi nyingine. Swali lilikuwa moja tu: lita kumi na sita ni Jumapili ngapi?

Nikafanya kipimo. Jumapili ya kwanza nilijaza tangi Chepseon mpaka shingoni, nikaweka E, nikaenda Siongiroi. Nikajaza tena kule mpaka shingoni: lita mbili kasoro kidogo. Jioni nikaweka P, nikarudi nyumbani, nikajaza: lita mbili na robo tatu. Wiki iliyofuata nikarudia, kwa sababu hesabu ya mara moja si hesabu. Yakaja majibu yale yale, kwenda na E, kurudi na P. Nikakaa kibandani nikapiga hesabu: safari nzima kwa E ni lita nne, kwa P ni tano na nusu. Kwa E nitamwona baba kila Jumapili ya mwezi. Kwa P nitamwona Jumapili tatu tu, na hata hiyo ya tatu niikopee nusu lita.

Nikaifungia pikipiki kwenye E. Sikugusa kitufe tena.

Watu wa steji ya Chepseon walinicheka. Wao wanaendesha pikipiki za zamani zisizo na kitufe. Eko yao ni kuzima injini kileleni na kuteremka kimya kimya mpaka mtoni, abiria akisali nyuma.

"Buda, hiyo E ni ya wazee wa kanisa," mmoja alinipigia kelele.

"Ni E ya elimu," nikamjibu.

"Basi wewe soma, sisi tutakungoja Kericho!"

Na kweli walinipita wote. E inakufundisha unyenyekevu. Ukizungusha mkono, pikipiki inakusikia lakini inafikiria kwanza. Kwenye matope haikuwa mbaya, nikiri hivyo: mvua ikinyesha kwenye njia za vumbi upande wa Chepalungu, gurudumu la nyuma halichachamai, unapita mahali ambapo wengine wanalala chini na pikipiki juu yao. Ndani ya mji wa Kericho pia ni sawa, kwa sababu huko hakuna anayekwenda popote. Lakini kulipita lori la majani ya chai mlimani ukiwa kwenye E ni ibada. Unaanza ukiwa na imani, unamaliza ukiwa na toba. Mara nyingi niliacha kujaribu, nikakaa nyuma ya lori maili nzima, majani mabichi yakinidondokea kwenye helmeti, nikisema si kitu, nahifadhi Jumapili.

Nilikuwa nafika Siongiroi saa tatu na nusu. Kwa P ningefika saa tatu kasorobo. Nililijua hilo. Sikulificha hata kwangu mwenyewe. Nililiweka kwenye mizani: dakika arobaini na tano kila wiki upande huu, Jumapili nzima ya nne upande ule. Jumapili ilikuwa nzito zaidi. Mtu yeyote wa soko angekubali hiyo biashara.

Kwa hiyo tulikuwa na nusu saa. Nilikuwa nikizima injini, naye ananiita jina langu kutoka kwenye benchi la ukumbini kabla sijavua helmeti, na hapo saa yangu inaanza kuhesabu. Sikumweleza. Ni vigumu kuongea na mtu vizuri huku ukimwangalia machoni kuona kama bado yupo. Ananieleza kuhusu mahindi, mimi natazama jua. Ananiuliza biashara, najibu haraka haraka, kama mtu anayepiga simu kwa salio la mwisho. Siku moja alikatiza maneno yake katikati.

"Kwani unakimbilia wapi, wewe?"

"Sikimbilii popote, tata. Niko hapa," nikamjibu; tata ni baba kwa lugha ya kwetu Gusii.

"Hauko hapa. Uko kwenye saa."

Saa nne ikifika, mara nyingine kabla, maneno yake yalianza kulegea. Alitazama miguu yangu, halafu uso wangu, halafu akamwambia dada amletee mgeni chai. Dada aliileta chai bila kuniangalia. Niliinywa. Nilisaidia kazi mbili tatu, nikafungiwa gunia la mahindi nyuma na mkungu wa ndizi juu yake, nikaondoka kabla ya mvua ya alasiri.

Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Kila mwezi, ikifika Jumapili ya nne, lita zangu kumi na sita zilikuwa zimeisha njiani. Nilihitaji lita mbili hivi za kuongeza. Hesabu yangu ilisema haiwezekani. Mimi ningefanya nini? Niliangalia hesabu, nikaona iko sawa, nikaamua kwamba pampu zinaiba. Nilibadilisha pampu mara tatu. Kwenye pampu ya mwisho nilisimama na chupa ya maji ya lita moja iliyokatwa mdomo, nikamwambia mama aliyekuwa anauza apime humo kwanza.

"Wewe ni wa serikali?" akaniuliza.

"Mimi ni mteja."

"Mteja gani anakuja na chupa kama anakwenda maabara?"

Akapima. Lita ilikuwa lita. Nikamwambia labda chupa yangu ndiyo mbovu. Akaniambia labda si chupa. Watu wakacheka, nikajaza, nikaenda zangu, na bado nikaamini hesabu yangu, kwa sababu niliipiga mara mbili na yule mama nilimwona mara moja tu.

Aliyeivunja hesabu hiyo alikuwa baba.

Ilikuwa baada ya Krismasi, wakati wa jua kali. Nilifika saa tatu na nusu kama kawaida. Aliniita jina, kisha akabaki ameinamisha kichwa, akiisikiliza pikipiki inavyozimika.

"Hiyo kitu inalia kama mtu aliyefungwa mdomo," alisema. "Kuna nini ndani?"

"Ni eko, tata. Inapunguza mafuta."

"Nani alikuambia inapunguza?"

"Nilipima mwenyewe. Mara mbili."

"Ulipima namna gani?"

Nikamweleza, kwa fahari kidogo. Shingo ya tangi, Chepseon, Siongiroi, lita mbili kasoro, lita mbili na robo tatu. Alisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, ule uso wa zamani wa mtu anayesikiliza injini ya mwenzake kabla ya kumpa habari mbaya.

"Kati ya Chepseon na hapa, wapi kuna baridi?"

"Chepseon."

"Kwa nini?"

"Kuko juu."

"Kwa hiyo ukija hapa unafanya nini?"

Nikajifanya nafuta vumbi kwenye helmeti.

"Nakuuliza wewe. Unafanya nini?"

"Nateremka."

"Na ukirudi?"

"Napanda."

"Na nyuma, ukirudi, dada yako anakufungia nini?"

"Gunia la mahindi."

"Gunia. Na nini?"

"Na ndizi, tata."

Alianza kucheka pole pole, mabega yakitangulia, mpaka akakohoa na dada akatoka jikoni kuangalia kuna nini. "Njoo usikie ndugu yako!" alimwambia. "Huyu E amempa mteremko na mikono mitupu. Huyu P amempa mlima na gunia kichwani. Halafu anawauliza, nani amechoka? Na huyu ndiye tulimlipia karo!"

Dada naye akacheka, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilicheka pia. Ningefanyaje.

Baadaye alifuta macho akanieleza ya trekta. Alisema zamani walikuwa na msimamizi aliyetaka wapande milima na gia kubwa na mafuta kidogo, ili dizeli idumu. Trekta linagugumia, linakataa, dereva anakanyaga mpaka chini na bado halipandi. Dizeli iliisha vile vile, na majani yakafika kiwandani yameshaanza kuwa mekundu, yakakataliwa. "Mashine ikibeba mzigo mlimani itakula," alisema. "Ukiinyima kwa kitufe utailisha kwa mkono. Hiyo E yako ni ya mahali pa tambarare, ya kumzuia kijana mwenye mkono mrefu wa kuzungusha mafuta. Wewe mkono wako ni mfupi tangu uzaliwe. Inakuzuia nini?"

Yote hayo aliyasema ndani ya nusu saa yetu. Ikafika saa nne akaniuliza nimetoka wapi na kama njia ilikuwa nzuri.

Jumapili iliyofuata nilipima upya, safari hii kinyume. Nikateremka na P, nikapanda na E, gunia likiwa nyuma. Na Jumapili ya baadaye nikaenda na kurudi na P tu. Nikapima na ile chupa yangu. Tofauti ya kweli, safari nzima, kwenda na kurudi, ilikuwa chupa moja ya soda. Ile ndogo.

Jumapili ya nne haikuwahi kutegemea E. Nilikuwa nikiilipia mwenyewe kila mwezi kwa zile lita mbili nilizosema zimeibwa, na ningeweza kuilipia vile vile nikiwa kwenye P. Mizani niliyoitengeneza ilikuwa na upande mmoja tu, na kwenye upande huo niliweka dakika arobaini na tano kila wiki nikazitupa.

Jumatatu yake nilifunga kibanda mapema, nikakaa ndani na kalenda. Jumapili nilizokwenda na E zilikuwa ishirini na sita. Zidisha kwa dakika arobaini na tano. Inakuja saa kumi na tisa na nusu. Nilihesabu tena kutoka mwisho kuja mwanzo, kwa matumaini kwamba nimeongeza mahali. Saa kumi na tisa na nusu. Saa ambazo baba yangu alikuwa amekaa kwenye benchi lake akiwa na akili zake zote, akijua Jumapili ni leo na kijana wake anakuja, na mimi nilikuwa nyuma ya lori la majani karibu na Litein nikiokoa soda.

Tangu hapo nilikwenda na P. Nilifika saa tatu kasorobo, na kwa muda tukawa na saa nzima na robo. Sijui nikuelezeje saa nzima na robo baada ya nusu saa. Tulikuwa na muda wa kunyamaza. Tulipukuchua mahindi bila kuongea. Alinionyesha jinsi ya kumjua ng'ombe mgonjwa kwa kumwangalia anavyosimama, jambo ambalo muuza viatu hana haja nalo, na nililisikiliza lote. Siku moja alinieleza jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza, kwenye foleni ya kupimia majani, kikapu chake kikiwa kizito kuliko cha wanaume, na jinsi karani alivyotaka kumpunja kilo na mama akakataa kuondoka kwenye mizani mpaka jioni. Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Nikajiuliza ni habari ngapi za namna hiyo zilikuwa ndani ya saa kumi na tisa na nusu. Hiyo ni hesabu ambayo sijaweza kuipiga.

Halafu saa nne ikawa saa tatu na nusu. Halafu saa tatu.

Nilianza kukimbia. P inakubali, hilo ndilo tatizo lake. Ukizungusha inakwenda, haikuulizi. Kwenye kona za baada ya Litein niliwahi kuteleza nusura niingie kwenye chai, nikasimama kando, na nikatazama saa hata kabla ya kutazama kama mguu umeumia. Nilifika dakika tano mapema. Dada alikuwa mlangoni.

"Alikuwa sawa mpaka saa mbili na nusu," aliniambia. "Alikuuliza. Alisema, kijana bado hajateremka?"

Baba alinikaribisha kiti.

Wiki iliyofuata dada aliniambia vile vile, na nyingine tena. Alikuuliza. Nilianza kulichukia hilo neno na kulingoja kwa wakati mmoja. Lilimaanisha kwamba mahali fulani kati ya alfajiri na saa mbili bado alikuwa na jina langu mdomoni, na mimi nilikuwa barabarani, na hakuna kitufe cha kunifikisha huko kabla ya ukungu kuinuka.

Kisha ikaja Jumapili ambayo dada hakulisema lile neno. Nilimwangalia, naye akatingisha kichwa.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa koti lake la kazi na kofia, fimbo kati ya magoti. Aliniangalia nikisimamisha pikipiki. Aliiangalia pikipiki kuliko alivyoniangalia mimi.

"Wewe wa pikipiki."

"Naam, mzee."

"Mpaka kiwandani ngapi?"

Kiwanda cha chai alichokuwa akipelekea majani kiko upande wa Kericho, zaidi ya saa moja na nusu kutoka pale. Dada alikuwa amenionya zamani nisimbishie. Ukimbishia anaogopa, na akiogopa halali usiku. Nilisimama nimeshika helmeti. Ningeweza kumwambia, mimi ni mwanao. Nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Mia mbili, mzee."

"Mia mbili!" Alishika fimbo vizuri. "Unanipeleka na kunirudisha, ama unanizika huko huko?"

"Njia ni mbaya."

"Njia si yako. Hamsini."

"Hamsini haifiki hata kona ya kwanza. Mafuta, mzee."

"Mafuta umeshaweka. Yatakwenda nikipanda nisipopanda."

"Mia na hamsini."

"Sitini. Na hiyo sitini ni kwa sababu umevaa viatu vizuri."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mdomoni. Macho ya baba yalikuwa makali, yamechangamka, yananisoma usoni kutafuta mahali nitakapolegea. Ni mtu yule yule. Sikuwa nimemwona kwa wiki nyingi. Nikashuka mpaka mia, akapanda mpaka sabini, nikageuka kama ninayeondoka, naye akaniacha nigeuke kabisa kabla ya kunirudisha.

"Themanini. Na usinirushe kwenye mashimo."

"Twende, mzee."

Tulimpandisha mimi na dada. Alinishika kiunoni kwa mikono miwili, kwa nguvu. Nilizunguka uwanja wa mnada wa ng'ombe, uliokuwa mtupu kwa sababu ni Jumapili, nikapita nyuma ya shule, nikachukua njia ya mahindi, pole pole, nikazunguka tena. Sikumbuki nilikuwa kwenye herufi gani. Alikuwa akinielekeza begani: hapa kuna shimo, hapa kaa kulia. Nikamrudisha nyumbani, nikazima.

"Tumefika, mzee."

Alitazama nyumba, benchi, dada, kuku.

"Kiwanda kimebadilika sana," alisema.

Nilimsaidia kushuka. Akaniuliza kama Jumapili huwa niko kazini. Nikasema niko.

"Basi uje mapema. Saa mbili. Ukichelewa nachukua mwingine, pikipiki ni nyingi hapa."

"Saa tatu kasorobo, mzee. Kwetu kuna ukungu."

"Saa mbili."

Nilitaka kusema saa mbili na nusu. Nilikuwa nayo tayari mdomoni.

"Saa mbili," nikakubali.

Jumamosi iliyofuata nilifunga kibanda saa saba mchana, soko likiwa limejaa na wateja wakinishangaa, nikasafiri na mvua mpaka Siongiroi, nikalala kwa dada. Asubuhi nilimsikia baba akiamka. Niliisukuma pikipiki bila kuiwasha mpaka barabarani, nikavaa helmeti, nikaingia nayo tena uani kama mtu anayetoka mbali. Saa mbili kamili. Alitoka na koti na kofia, akaketi, akanitazama miguuni na usoni, akaniuliza mpaka kiwandani ni ngapi.

Nikaanzia mia tatu, ili tuchukue muda.